Ndio, Mimi ni Kanjo

Wacha niwaambie kitu nimewaficha kwa miezi minane: mimi ni kanjo. Si wale wa kukimbizana na wachuuzi. Mimi ni wa gambuti, sepetu na wilbaro. Kila asubuhi utanipata huku Woodley, kando ya Barabara ya Joseph Kang'ethe, nikitoa taka kwa mtaro.

Niliwaficha juu ya aibu. Nina diploma, jameni. Video nilikuwa narekodi jioni, nikishaoga mara mbili. Siku moja mabeshte wa chuo walipita karibu na Adams Arcade, nikavuta kofia hadi puani. Hata shosh nilimwambia niko "ofisini".

Halafu masika ikakaribia. Tukatumwa kuzibua mtaro wa kona moja upande wa soko la Toi, ambapo kuna mama mboga. Tulitoa chupa, mifuko, nepi, hadi nusu godoro. Siku tatu! Mimi nilikuwa nalalamika tu: leo tunatoa, kesho watatupa tena, si basi tuache.

Siku ya pili mama mboga akaniambia, "Kijana, hiyo taka usiiache hapo kando. Mvua itairudisha ndani."

Nilikasirika, halafu nikaangalia. Alikuwa sawa. Nilikuwa nimeshinda kutwa nikirundika uchafu ukingoni, tone la kwanza lingeurudisha wote. Tukaubeba kwa wilbaro hadi mahali lori huchukua.

Wiki iliyofuata ikanyesha usiku kucha. Sikulala vizuri. Asubuhi nilifika mapema kabla ya zamu, bila kuambiwa na mtu. Maji yalikuwa yanapita mtaroni kwa kasi. Mama alikuwa anapanga viazi, vikavu kabisa. Mafuriko ya Aprili 2024 yalikuwa yamembebea magunia mawili. Hakunipigia makofi. Alisema tu, "Jana usiku sikuamka."

Yaani miaka yote hiyo, mvua ikinyesha, yeye huamka kukimbilia viazi. Usiku huo alilala.

Hapo ndipo nilianza kuisoma hii kazi. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inaipa kaunti taka, maji ya mvua, masoko, taa za barabarani, zimamoto, shule za chekechea na hata makaburi. Fikiria: kuanzia chekechea hadi kaburini, kaunti iko nawe. Baraza la jiji lilikwisha 2013 lakini jina kanjo likabaki, na lawama zake pia. Nairobi ina wadi 85, na katika kila moja kuna mtu kama mimi ambaye humjui. Akifanya kazi vizuri, hakuna kinachotokea. Barabara inapitika, unaenda zako.

Sitakudanganya. Kazi inanuka, mgongo unauma, na mkataba wangu si wa kudumu. Pia sikuja hapa nikiwa na wito wowote, nilikuja kutafuta rent. Nilidhani kusudi la maisha hupatikana kwanza, halafu unatafuta kazi inayolifaa. Langu nililipata ndani ya mtaro, kwa kurudi kuangalia kama nilichofanya kimeshika.

Jumapili nikamwambia shosh ukweli. Akaninyamazia kidogo, nikadhani ameumia.

Akauliza, "Sasa mtaro wa huku kwetu mnakuja lini?"