Darubini ya Bei Nafuu

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Anayezunguka dukani akipima mpini huu na ule, huku mvua za kwanza zinanyesha, mwisho wake ni kukosa mavuno. Lakini kila methali ina mpaka wake. Jembe likikosea hukata udongo usiokusudiwa. Bunduki ikikosea hukata uhai nusunusu, na mnyama aliyejeruhiwa hujikokota akafie asipoonekana. Kwa hiyo nadhani mwenye kununua darubini ya bunduki ana haki ya kuchagua, mradi ajue ni kitu gani hasa anachokichagua.

Nilikulia Kenya, nchi ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977. Kwetu bunduki ilikuwa kitu cha askari, nacho kilitazamwa kwa mbali. Nilipokuja kuishi vijijini Pennsylvania, Marekani, nikakuta kindi ni kitoweo, na msimu wake unapofunguliwa mwezi Septemba wazee na vijana huingia msituni na bunduki ndogo ya .22. Nami nikapitia mafunzo ya usalama, nikakata leseni, nikajifunza kwao. Risasi yenyewe, .22 Long Rifle, ilianza kutengenezwa mwaka 1887. Ni nyepesi, ni rahisi kwa bei, na bega haliumii.

Kisha macho yakaanza kuzeeka. Anayelenga kwa vyuma vya bunduki hutakiwa kuona vitu vitatu kwa pamoja: mwanya ulio karibu na jicho, kijiti kilicho mwisho wa mtutu, na shabaha iliyo mbali. Jicho la kijana huruka kutoka kimoja hadi kingine kwa wepesi hata mwenyewe asitambue. Baada ya miaka arobaini na kitu lenzi ya jicho hukakamaa, na kimojawapo hugeuka ukungu. Nilikuwa na njia mbili: kuifungia bunduki kabatini, au kununua darubini, ambayo huiweka shabaha na alama ya msalaba mahali pamoja, jicho lisipate kazi ya kurukaruka.

Muuzaji alinionyesha kwanza ile inayokuza mara 24, kioo chake cha mbele kipana kama kikombe cha chai, bei yake ikiipita bunduki yenyewe. Ni chombo kizuri, ila si cha kazi yangu. Kadiri darubini inavyokuza ndivyo inavyoona eneo dogo, na kindi akiruka tawi moja tu umekwisha kumpoteza. Tena hukuza hata mtetemo wa mkono, mtu akajiona anatetemeka kama mwenye homa. Kwa bunduki ya .22, kukuza mara 4 kunatosha, au ile inayobadilika kuanzia mara 2 hadi 7.

Kuna jambo jingine linalopita ukuzaji kwa umuhimu, nalo halionekani kwa kutazama boksi tu. Darubini za bunduki kubwa aghalabu hurekebishwa kiwandani kwa umbali wa yadi 100 au zaidi, na zile za .22 kwa yadi 50 hivi. Ukiifunga ya kwanza kwenye bunduki ndogo, kisha ukamlenga kindi aliye yadi 25, jicho likisogea kidogo tu alama ya msalaba nayo huonekana kusogea juu ya mnyama, ingawa bunduki imetulia. Basi uliza darubini iliyotengenezwa kwa ajili ya .22. Ya dola kati ya 50 na 100 itakufaa.

Unafuu huo una historia yake. William Weaver alianza kutengeneza darubini za bunduki za bei ya watu wa kawaida mwaka 1930, dunia ikiwa katika dhiki kubwa ya uchumi, na mwaka 1933 akahamishia kazi yake El Paso, Texas. Jina lake limebaki hadi leo katika aina moja ya reli ya kufungia darubini. Bunduki nyingi za .22, hata hivyo, hazina reli hiyo. Zina mifuo miwili iliyochongwa juu ya chuma chenyewe, upana wake milimita 11 hivi. Pete za aina moja hazishiki kwa nyingine, basi angalia bunduki yako kabla ya kutoa fedha. Ukitaka kubana matumizi, bana kwenye kioo, usibane kwenye pete. Kioo hafifu hukuonyesha picha hafifu, nawe utajua. Pete iliyolegea hukuonyesha picha safi kabisa, kisha risasi ikaenda kwingine.

Kazi ya kufunga haihitaji fundi, inahitaji utulivu. Kwanza toa risasi zote, ukague chemba kwa macho na kwa kidole. Chagua pete fupi kadiri inavyowezekana, bila darubini kugusa mtutu, ili shavu likae vyema kwenye mbao. Kabla ya kukaza, fumba macho, weka bunduki begani kama kawaida yako, kisha fumbua. Ukiona kivuli cheusi pembeni, isogeze darubini mbele au nyuma hadi duara lote liwe jeupe. Mbali kidogo ning'iniza timazi kama ya mwashi, uusawazishe msalaba na uzi wake huku bunduki ikiwa wima. Halafu kaza skrubu kwa zamu, kidogo kidogo, kama unavyokaza nati za gurudumu la gari.

Hapo bado hujamaliza. Anza na karatasi iliyo yadi 25, bunduki ikiwa imelala juu ya mifuko ya mchanga, kisha nenda yadi 50. Piga risasi tatu au tano ndipo uguse vitufe, kwa maana risasi moja haitoi ushahidi. Katika darubini nyingi za aina hii mbofyo mmoja husogeza risasi robo inchi kwa yadi 100, yaani kwa yadi 50 unahitaji mibofyo minane kupata inchi moja. Tumia risasi za aina ileile utakayowindia, kwani .22 huchagua chakula chake, na kubadili boksi huweza kuhamisha pigo.

Halafu isome karatasi. Kichwa cha kindi hakizidi sana inchi moja na nusu. Umbali ambao risasi zako tano zinaingia kwenye duara la kiasi hicho ndio umbali wako wa kuwinda. Wangu ni yadi 40. Kwa kioo namwona vizuri kindi aliye yadi 100, hadi masharubu yake, lakini risasi iliyorekebishwa kwa yadi 50 itakuwa imeshuka inchi 6 au 7 ikifika huko. Kuona si kupata. Darubini imenirudishia macho, haikuniongezea mkono.

Tena darubini ya bunduki si ya kutazamia. Ukiinua ili ujue kile kinachotikisika kichakani ni nini, mtutu nao umeinuka, na huenda ni mtoto wa jirani. Kwa kutazama nabeba darubini ndogo ya shingoni. Na kindi akiwa tawini, nyuma yake ni mbingu tupu, simpigi, maana risasi hii ndogo huweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu. Nangoja ashuke kwenye shina. Mara nyingi hashuki, nami narudi nyumbani mikono mitupu, tukala maharagwe.