Mwanamke na Mtungi

Kuna picha ya mama yangu iliyouzwa mnadani. Katalogi iliiita "Mwanamke na Mtungi, Kibera", rangi za mafuta kwenye kitambaa. Jina la mama halikuwepo. Siku aliyochorwa alikuwa kwenye foleni ya maji Silanga, na wiki picha iliyouzwa bado alikuwa anapanga foleni hiyo hiyo.

Mchoraji ni mjomba, kakake mama. Alianza kwa kuandika mabango ya vinyozi na vibanda vya chipsi, njia ile ile waliyoanzia Otieno Gomba na Otieno Kota wa Maasai Mbili hapa hapa Kibera. Hana mambo ya mafumbo. Mabati yakiwa na kutu, anayachora na kutu yake. Kanvasi ya dukani ni ghali, kwa hivyo hununua marikani, anaibana kwenye fremu ya mbao, anaipaka gundi, halafu rangi nyeupe ya ukuta. Marikani, cheki jina, ni Marekani: karne ya 19 meli za Salem, Massachusetts, zilileta pamba hiyo Zanzibar, ikasambaa hadi bara.

Aliiuza picha kwa shilingi 15,000. Nilikuwa Kidato cha Pili, nimetumwa nyumbani kwa sababu ya karo, na pesa hizo ndizo zilinirudisha darasani. Miaka kadhaa baadaye beshte yangu akanitumia ukurasa wa katalogi kwenye WhatsApp: "Huyu si mathe wako?" Picha ilienda kwa 220,000.

Nilikasirika. Halafu nikaanza kusoma. Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi, huchora kwa rangi za mafuta juu ya lubugo, kitambaa cha magome ya miti kutoka Uganda. Novemba 2019 picha yake, The Conservationists, iliuzwa New York kwa takriban dola milioni 1.5. Wengi mtandaoni huona bei kama hiyo wakadhani msanii ameomoka. Lakini picha ikishauzwa mara ya kwanza, pesa za mnada ni za anayeimiliki wakati huo, na New York hakuna sheria inayomlazimisha muuzaji kumkatia mchoraji chochote.

Kenya iko tofauti, angalau kwenye karatasi. Tangu marekebisho ya 2019, Sheria ya Hakimiliki inampa msanii asilimia 5 kazi yake ikiuzwa tena kibiashara. Kwa picha ya mama hiyo ni kama 11,000, kodi ya miezi mitatu hivi. Shida ni kwamba lazima mtu ajue imeuzwa, adai, na aonyeshe kwamba ni yake.

Nilimpelekea mjomba hesabu nikitarajia hasira kama yangu. Akasema, "Huyo jamaa alinunua wakati hakuna mwingine alikuwa ananunua. Hiyo pia uihesabu." Halafu akaniuliza fomu za kudai zinapatikana wapi. Vyote viwili vilikuwa kweli kwake.

Mama hakuuliza bei. Alichukua simu, akavuta picha ikawa kubwa, akatafuta mtungi. Ulikuwa ule wa njano wa lita 20, uliopasuka upande akauziba kwa kuyeyusha plastiki. "Ameweka hadi pale nilipoziba," alisema, akaitazama muda mrefu.

Sheria haina asilimia ya mwenye mtungi. Nimeitafuta. Kwa hivyo tumetengeneza yetu. Sasa kila picha ya mjomba inatoka na risiti yenye jina la mnunuzi, tarehe na bei, na nakala tunabaki nayo. Nyuma ya marikani anaandika jina lake, nambari yake ya simu, halafu jina la aliyechorwa, kama amekubali. Akiuza, huyo wa pili anapata kitu kidogo. Mara ya mwisho kilikuwa shilingi 1,000, na mama mboga aliyechorwa alizihesabu mara mbili, akauliza kama kesho atachorwa tena.