Jina la Shule

Kwenye matanga ya kaka yangu, mpwa wangu aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana aliniuliza kwa nini wasifu wa marehemu una majina mawili. Nikamweleza kuwa moja ni la nyumbani, jingine ni la mtu mwingine, alilichukua ili apate sekondari. Akashangaa: "Sasa si mjomba angekwenda tu shule ya kata?" Sikumlaumu, ila niliumia.

Hati ya kaka inasema alimaliza darasa la saba 1978. Mama alishikilia kuwa ni 1979, kwa sababu askari walikuwa wameanza kurudi kutoka Uganda. Vyovyote vile, alifaulu na hakuchaguliwa. Nafasi za kidato cha kwanza ziligawanywa kwa mikoa na wilaya, na kwetu Uchagani, kwenye shule za msingi nyingi tangu enzi za wamisheni, mtoto mwenye alama nzuri aliachwa, na shule nzima ikatoa wawili au watatu.

Akakaa nyumbani msimu mzima akichuma kahawa. Kisha baba mdogo akampeleka tambarare, kwenye shule ambako mtoto mmoja alikuwa ameacha masomo na jina lake lingalipo kwenye daftari la mahudhurio. Kaka akaingia kwa jina hilo, akarudia la saba, akachaguliwa kwenda bweni. Watu wa rika langu wanawajua wengi waliopita njia hiyo, na wamestaafu na majina ya watu.

Kabla hajaondoka tulikwenda sokoni Mwika kwa fundi wa matranka. Harufu ya lehemu na rangi ya mafuta ilikupokea kabla hujakiona kibanda. Alikunja bati juu ya kipande cha reli, akilipiga kwa nyundo ya mti ili lisichubuke, akatia bawaba na komeo, akapaka buluu. Tulirudi wiki iliyofuata, rangi imekauka. Akachovya brashi nyembamba kwenye rangi nyeupe, akauliza aandike jina gani. Alimjua kaka tangu anazaliwa. Kaka akataja jina la shule. Fundi akamtazama baba, baba akaitikia kwa kichwa. Akaandika herufi moja moja, taratibu, wala hakuuliza neno. Nyumbani, mama aliligeuza lile tranka, maandishi yakaelekea ukutani.

Zamu yangu ilipofika nami nikaachwa, na baba hakutaka jina la pili lipotee. Nikaenda shule ya binafsi iliyojengwa na wazazi kupitia kanisa. Kina mama walibeba mawe kutoka mtoni, kila kaya ikachangia kutoka kwenye kahawa. Malipo ya pili ya kahawa yakichelewa, nilirudishwa nyumbani kufuata ada. Kaka alisoma na kula kwa serikali, naye ndiye aliyeheshimiwa. Sisi wa binafsi tulihesabiwa makapi.

Miaka ya tisini mambo yakageuka, shule za binafsi zikazidi kufunguliwa na wenye uwezo wakahamishia watoto wao huko. Zikaja za kata, majengo yakiwatangulia walimu. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalipotangazwa mara ya kwanza, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa na sifuri. 2016 ada ikafutwa, madarasa yakafurika.

Kungekuwa na shule ya kata 1978, kaka angezikwa na jina lake. Kwa hiyo ninaitetea mbele ya yeyote. Lakini mpwa wangu amesoma miaka minne bila mwalimu wa kudumu wa fizikia, akikariri maswali ya mitihani iliyopita, huku viongozi wanaoisifu shule yake majukwaani wakiwapandisha watoto wao basi la njano kila alfajiri, kwenda kwenye shule za mamilioni. Siku watakapolazimika kuwaandikisha kwenye kata wanazoziongoza, mwalimu wa fizikia atapatikana kabla muhula haujaisha.