Joto la Nyumba Mbili

Nyumba ya makuti ya pwani ya Afrika Mashariki hujengwa ili joto litoke; nyumba ya kisasa ya Ujerumani au Uingereza, ili lisitoke. Aliyekaa miaka mingi ughaibuni hurudi kujenga akiwa na ramani ya pili akilini, na hapo ndipo bili ya umeme inapoanza kupanda.

Huko ilikotoka, ramani hiyo ina akili yake. Nyumba za kwanza za mtindo wa Passivhaus, zilizokamilika Darmstadt mwaka 1991, zilipewa kuta nene na madirisha ya vioo vitatu, na kila mwanya ukazibwa. Kiwango cha mtindo huo hakiruhusu zaidi ya kilowati-saa 15 za kupasha joto kwa mita ya mraba kwa mwaka. Lakini pwani, Tanga au Kilifi, hakuna baridi ya kuzuia. Kioo kipana kinachotazama magharibi hugeuza sebule kuwa tanuri kila alasiri.

Fundi wa kijijini alimjua adui wake. Makuti hupangwa tabaka juu ya tabaka, hewa ikabaki katikati, hivyo jua halipenyi kama kwenye bati tupu. Upenu hushuka chini, ukaweka ukuta kivulini. Kati ya ukuta na paa huachwa mwanya ambamo hewa ya moto hutoka, na ukumbi hukata nyumba toka barazani hadi uani ili upepo upite. Ukuta wa fito uliokandikwa udongo ni mwembamba, na hiyo si kasoro: usiku wa pwani haupoi kiasi cha kuufaidi ukuta mzito. (Tembe, nyumba nzito ya udongo ya Wagogo kwenye ukavu wa Dodoma, lina hesabu nyingine; anayeliiga pwani kwa kupenda sura yake atajuta.)

Ramani mpya basi huanza na mwelekeo. Mbavu ndefu hutazama kaskazini na kusini, kwa kuwa jua la asubuhi na la jioni ndilo hupiga ukuta usoni. Mwanya wa juu hutiwa wavu wa mbu. Madirisha huwa ya kufunguka yote, si ya kusukuma kando, ambayo nusu yake haifunguki kamwe.

Vifaa vinahitaji ukweli zaidi. Makuti na udongo hutaka mwenyeji: moshi wa jiko hufukuza wadudu, na nyufa hukandikwa zikiwa changa. Nyumba ya anayeishi bado ughaibuni, inayofunguliwa wiki tatu kwa mwaka, haina moshi wala mkandikaji. Zinazoifaa zaidi ni tofali za kufungamana, za udongo ulioshindiliwa na saruji kidogo bila kuchomwa. Juu bati jeupe, chini yake dari, na kati yao nafasi ya upepo. Makuti hubaki kwenye banda la uani, anakopikia ndugu aliyeachiwa funguo.