Nakala ya Nne

Msimu ule wa mvua nilikuwa Laela kwa kaka yangu, na shule aliyosoma binti yake ikaniomba niwaandikie programu ya kupanga alama. Niliiandika kwa Haskell, lugha ambayo ndani yake karibu kila jambo ni fanksheni inayoiita nyingine. Nilikuwa nimesoma kwamba kila mwito una gharama yake. Basi nikajifanya mjuzi: fanksheni ya madaraja, badala ya kuiandika mara moja, nikainakili kwa mkono wangu mahali panne.

Walimu wakashusha alama ya kufaulu. Nikasahihisha mahali patatu. Nakala ya nne ndiyo iliyochapa barua za wazazi.

Nilimkuta binti nyuma ya nyumba akipiga matuta. "Shikamoo, baba mdogo," alisema bila kuinua uso. "Mashine imesema nimefeli." Kaka alikuwa ameshanunulia mbolea fedha za ada.

Usiku ule nilikaa na kompyuta nikiona haya. Kompaila yenyewe hufanya kile kile nilichofanya: huuchukua mwili wa fanksheni na kuupachika pale inapoitwa, mwito ukatoweka, na mara nyingi hesabu za jirani zikarahisika papo hapo. Lakini nakala zake huzitoa upya katika chanzo kimoja kila programu inapotafsiriwa. Haisahau ya nne. Tena ina kiasi. Simon Peyton Jones na Simon Marlow, katika makala yao ya mwaka 2002 kuhusu kompaila ya Haskell iliyoanzia Glasgow, walieleza jinsi inavyopima. Kinachotumika mara moja tu hupachikwa, mradi kisiingizwe ndani ya fanksheni itakayoitwa tena na tena. Kikubwa kinachoitwa sehemu nyingi huachwa, maana programu itanenepa. Na unene si hatari kubwa kuliko zote: wastani wa darasa la wanafunzi 100 ukipachikwa ndani ya hesabu ya kila mwanafunzi, utatafutwa mara 100 badala ya mara moja. (Hilo nalo nilikuwa nimelifanya.)

Nikafuta nakala tatu, nikabakiza moja, kompaila iamue yenyewe. Kasi haikupungua hata kidogo.

Asubuhi nilikwenda shuleni kwa miguu, nikarudi na barua mpya. Kaka aliisoma mara mbili, akaikunja, akauliza kama dukani wanakubali kurudishiwa mbolea.

Hawakukubali.