Iten: Mji Unaolala Mapema

Ikiwa hujawahi kufika Iten, msomaji, nakushauri ubebe sweta nzito na uache haraka zako nyumbani. Mji huu, ambao ni makao makuu ya Kaunti ya Elgeyo-Marakwet, umekaa ukingoni mwa Bonde la Kerio, takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Ukitoka Nairobi utapanda matatu hadi Eldoret, safari ya zaidi ya kilomita 300, kisha ubadilishe gari. Utajua umefika utakapoona lango lililovuka barabara, likimkaribisha mgeni katika makao ya mabingwa.

Mimi sikwenda huko kutafuta ubingwa. Nilipelekwa na namba mbili: 152 na 96. Daktari aliziandika kwenye kadi, akanitazama juu ya miwani yake na kuniuliza huwa nalala saa ngapi. Nikamjibu kwamba inategemea mechi ya siku hiyo. Hakucheka. Aliniambia kwamba shinikizo la damu likifika 140 kwa 90 na kukwama hapo, moyo hufanya kazi ya punda, na aghalabu mwenyewe hahisi lolote mpaka siku atakapoanguka. Nina umri wa miaka 48. Marehemu baba yangu alianguka akiwa na 53, asubuhi, akifunga kamba za viatu.

Basi rafiki yangu wa siku nyingi, mwalimu mstaafu anayeishi Iten, aliposikia habari hizo, aliniambia kwa simu: "Njoo ukae kwangu siku tano. Hutalipishwa ushauri." Nilifuatana na binti yangu, ambaye yuko mwaka wa pili chuo kikuu. Huyu naye ana yake. Usiku kucha yuko macho na vitabu na simu, mchana anaishi kwa chipsi na soda, na akiulizwa husema wenzake wote wako hivyo. Katika hilo hasemi uongo.

Asubuhi ya kwanza, saa kumi na mbili, nilisimama kando ya barabara ya udongo mwekundu nikiwa nimevaa viatu vipya vya mazoezi. Baridi ilikuwa ikiuma masikio. Kwanza nilisikia mvumo wa nyayo, kisha wakatokea gizani, vijana wapatao 40, wanaume kwa wanawake, wakienda pamoja kama kundi la ndege. Nilitarajia kuona mbio za kukata pumzi. Waama, walikuwa wakienda polepole, wengine wakipiga gumzo!

Nikasema moyoni, mwendo huu hata mimi nauweza. Nikajitosa nyuma yao. Msomaji, sikufika hatua 300. Kifua kilibana, magoti yakalegea, nikashika mti. Hewa ya mahali palipoinuka hivyo ni nyepesi, na mwili wa mtu wa Nairobi, ingawa Nairobi yenyewe si bondeni, huhitaji siku kadhaa kuizoea. Nilifanya ujinga, nawe usiuige. Mwenye shinikizo la damu hafai kuanza mbio bila kumwuliza daktari, na wangu alikuwa ameniambia nitembee.

Msichana mmoja aliyekuwa amebaki nyuma kufunga kamba za viatu aliniona. "Mzee, pole," akasema. "Lakini mbona unakimbia kama unayefukuzwa? Siku ya leo ni ya kwenda taratibu tu." Akanieleza kwamba siku za kukimbia kwa nguvu ni chache katika wiki, na nyingine zote ni za mwendo wa kuzungumza. Anayejikaza kila siku, alisema, huishia kwa majeraha.

Yaliyonishangaza zaidi niliyaona baadaye mchana. Mwenyeji wangu alinitembeza katika mtaa wa vyumba vya kupanga ambamo wanariadha wengi wachanga huishi. Ilikuwa saa nane, jua limewaka, na palikuwa kimya kama makaburini. Viatu vilivyooshwa vilikuwa vimeanikwa juu ya mabati. Nikauliza kama wamekwenda kazini. "Hii ndiyo kazi," akanijibu. "Wamelala."

Ndivyo siku yao ilivyo. Mbio za alfajiri, chai na mkate, pengine mbio nyingine kabla ya adhuhuri, chakula, usingizi, mbio fupi jioni, ugali, kisha kitanda. Saa tatu usiku taa nyingi zimezimwa. Binti yangu alipomwuliza yule msichana, ambaye tulikutana naye tena dukani akinunua maziwa, hulala saa ngapi kwa siku, alihesabu usiku na mchana akapata kumi. Binti yangu akacheka. Yule mwenzake hakucheka, alimtazama tu kwa mshangao akamwuliza, "Wewe usipolala, unayosoma yanakaa wapi?" Walikuwa karibu rika moja.

Na chakula je? Kama unatazamia siri fulani ya miti shamba, utavunjika moyo. Ni ugali, sukuma wiki au managu, maharagwe, mayai mara mojamoja, nyama kidogo siku ikiruhusu, maziwa lala, na chai ya maziwa kwa wingi. Chai hiyo ina sukari nyingi kuliko ninavyoruhusiwa mimi, lakini mtu anayekimbia kilomita 30 kwa siku ana pa kuipeleka. Mimi na wewe tunaoketi ofisini hatuna. Hapa ndipo watu wa mjini hujidanganya: tunachukua sahani ya mwanariadha na kuacha miguu yake. Hata chumvi, mtu mzima anashauriwa isizidi gramu 5 kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, na humo imo iliyokwisha kutiwa kwenye mkate, soseji na supu za pakiti. Mimi nilikuwa nikiinyunyiza kabla ya kuonja.

Usidhani Iten ni peponi. Wengi wa vijana wale hawatashinda mbio zozote zenye zawadi, na wapo wanaorudi makwao na magoti mabovu na madeni ya kodi. Dawa haramu nazo zimeiaibisha nchi yetu, hata ikabidi sheria ya kupambana nazo ipitishwe mwaka 2016. Lakini mji huu una historia ya uvumilivu. Mwaka 1976 Ndugu Colm O'Connell kutoka Ireland alifika Shule ya Upili ya St Patrick's kufundisha jiografia. Hakuwa na ujuzi wa ukocha, akajifunza kwa kutazama wanafunzi wake. Miaka mingi baadaye mmoja wa aliowalea, David Rudisha, alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 katika Olimpiki za London mwaka 2012. Watu hutaja sekunde zile. Mimi sasa hufikiria alasiri zote alizolala.

Siku ya mwisho tulitembea, mimi na binti yangu, hadi mahali pa kutazama bonde, kando ya barabara iteremkayo kwenda Tambach. Ukifika hapo, keti. Kerio lote liko chini yako, kijivu na samawati, na upepo unapanda kutoka huko ukiwa na joto. Tulikaa karibu saa nzima bila yeyote wetu kutoa simu. Huko Nairobi sikumbuki mara ya mwisho tulipokaa hivyo. Kisha, bila kunitazama, akaniuliza, "Baba, babu alianguka akiwa na miaka mingapi?" Nilimwambia. Akanyamaza, halafu akasema turudi polepole.

Tumerudi Nairobi, na mambo si mepesi. Wataalamu wa afya wanashauri angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Mimi hushuka matatu vituo viwili kabla ya nyumbani, na hiyo hunipa dakika 25 kila jioni, mvua isiponyesha. Chumvi imeondolewa mezani, mama watoto ameificha mahali nisipopajua. Kulala ndiko kunakonishinda, kwa sababu mechi za Ulaya hazijui kwamba nina shinikizo la damu. Wiki iliyopita kipimo kilikuwa 141 na 90. Daktari aligusa dawa zangu kwa kalamu, akasema nisithubutu kuziacha, nirudi baada ya mwezi.

Juzi niliamka saa sita usiku kunywa maji. Nilitazama chini ya mlango wa chumba cha binti yangu kama kawaida yangu. Hapakuwa na mwanga.