Homa ya Bondeni

Mvua zimerudi, na nyumbani kwetu mvua ikirudi tunaanza kuguseana vipaji vya nyuso.

Sisi ni watu wa milimani, nyanda za juu za Fizi, Kivu Kusini. Kule kwenye zaidi ya mita 2,000, asubuhi unatoka nje na blanketi mabegani. Mbu tulikuwa tunakutana naye tukishuka sokoni Baraka, kando ya ziwa. Wazee walituonya: usilale bondeni, utarudi na homa. Sababu ni baridi. Kijidudu cha malaria kinahitaji joto ili kikomae ndani ya mbu, na kule juu mbu hufa kabla hakijakomaa.

Mwaka 1996 tulivuka Tanganyika kwa boti hadi Kigoma, halafu Nyarugusu. Wenzetu wa ufukweni waliugua wakainuka. Sisi tulianguka nyumba nzima, maana mtu aliyekulia kwenye malaria mwili wake umejifunza kupigana nayo, na miili yetu ilikuwa migeni. Usiku mmoja mtoto wetu wa pili akashikwa na degedege. Mama mkwe akasema, "Hii si homa, huyu mutoto katupiwa kitu." Tukakesha tunamfukizia majani. Kulipokucha tukambeba mgongoni hadi hospitali, akatundikiwa dripu ya kwinini. Alipona, ila mguu mmoja anauburuza hadi leo. Ule usiku tuliupoteza sisi wenyewe, hakuna mwingine.

(Kwetu kidonge chochote ni "kinini", hata cha kichwa. Jina lilitoka kwenye hiyo dawa ya magamba ya mti wa kinkina, unaolimwa huko huko Kivu.)

Mwishoni mwa 2006 Tanzania ilianza kutumia dawa mseto, na hapo tukakosea tena. Anayeishi kwa mgao hujifunza kuweka akiba ya kila kitu: unga, sabuni, hata vidonge. Mtoto akipoa siku ya pili, vilivyobaki tunavifunga kwenye kitambaa, vimngoje mdogo wake. Baada ya wiki tatu homa ile ile ikarudi. Dozi ni mara sita kwa siku tatu: ya kwanza, ya pili baada ya saa nane, kisha asubuhi na jioni, na mtu awe amekula, hata uji wenye mafuta kidogo. Kupoa siyo kupona, vijidudu vingine bado vimo kwenye damu. Na kabla ya dawa, damu ipimwe, kwa sababu si kila homa ni malaria.

Tulikuwa tunalaumu majani na choo. Kumbe mbu huyu anapenda maji ya mvua yaliyotulia juani, na maji hayo yako kwenye mashimo tuliyochimba wenyewe tukifyatua matofali ya nyumba zetu. La kwetu lilikuwa hatua kumi kutoka mlangoni, na viluwiluwi vinacheza juu ya maji.

Jumamosi iliyopita tulilifukia, watoto wakibeba udongo kwa mabeseni. Yule wa mguu ndiye aliyeshindilia. Jirani yetu bado anakandia udongo kwenye la kwake. Tumekubaliana kwamba matofali yakikauka, tutakwenda wote na majembe.